Ini la Mama

Tulipomaliza kumzika baba, watu walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kule Brooklyn Park, wakala pilau, halafu wakaanza kumsifu. Wa kwanza alisema marehemu alikuwa mtu wa amani. Wa pili akasema katika miaka yote aliyomfahamu hakuwahi kusikia sauti ikipandishwa nyumbani kwake. Wa tatu, bwana mmoja aliyesoma naye chuo kikuu hapa Minneapolis, alishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Na tusisahau," alisema, "huyu ndiye aliyemsomesha mkewe mpaka akawa muuguzi. Wanaume wangapi wanafanya hivyo?" Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele na kikombe cha maji ya moto mkononi. Hakupiga makofi. Alikunywa maji yake.

Mimi nilitoka nikasimama katikati ya magari. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni, ile inayoanzia chini ya mbavu na kupanda. Wenzangu mliolelewa kwenye apatimenti zilezile huenda mnawajua watu hawa na mtaniona sina adabu. Sawa. Nyumba yetu kweli haikuwa na kelele. Lakini mimi najua kimya kile kilitengenezwa vipi, kwa sababu nilikuwepo kilipotengenezwa, na mimi mwenyewe niliajiriwa kukilinda.

Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Kazi yake ilikuwa kuwageuza watu wazito kitandani, kuwaosha, kuwainua na kuwaketisha. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni kwa kukanyagia kisigino kimoja kwa ncha ya kingine, maana kuinama hakuweza. Kichwa kilimuuma upande mmoja, nyuma ya jicho. Mabega yalikuwa magumu kama mbao. Nilijua kwa sababu alinilipa biskuti nimkande, na vidole vyangu vilichoka kabla mabega hayajalegea. Usingizi ulimkimbia. Alikwenda kliniki, akasubiri sana, akazungumza na daktari muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai, akarudi na dawa za maumivu na ushauri wa kupunguza uzito.

Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyemwambia kuhusu Mama Shen, Mchina mwenye duka la tiba kule Saint Paul, kwenye ile barabara ndefu inayopitiwa na treni ya mjini. Wakati huo mama alikuwa bado anaogopa kuendesha kwenye barabara kuu wakati wa theluji. Baba akatupeleka, akinung'unika njia nzima. Baba alikuwa mtaalamu wa kompyuta kwenye kampuni kubwa, mtu wa vipimo na majibu. "Tumetoka Tanga tukavuka bahari," alisema, "ili twende kwa mganga wa kienyeji, tena wa kienyeji cha watu wengine."

Duka lilinukia pakanga iliyoungua, yale majani machungu ya dawa. Sikujua jina hilo wakati ule, mama ndiye aliyesimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Pakanga! Inanukia kama kwa bibi." Ukutani kulikuwa na makabati ya droo ndogondogo kuanzia sakafuni hadi darini, na picha kubwa ya mwanaume asiye na nguo wala ngozi, amechorwa mistari ya rangi kutoka vidole vya miguu hadi kwenye nyusi, na kila mstari una vituo. Niliitambua mara moja: ilikuwa ramani ya treni. Mstari wa kijani ulipita kwenye mguu, ukapanda ubavuni, ukaishia karibu na chuchu. Nikafikiri, basi hata ndani ya watu kuna treni, na huyu mama ndiye anayejua ratiba zake.

Mama Shen alikuwa mfupi, nywele zimekatwa sawasawa na taya, miwani imening'inia kwenye kamba. Alimketisha mama na kumwambia atoe ulimi. Akautazama ulimi kwa utulivu, pande zake hasa, akasema ni mwekundu pembeni. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akafumba macho, akabonyeza, akalegeza, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye mkono wa kulia. Alisema mshipa wa mama unagonga kama uzi wa gitaa uliokazwa mno. Akauliza maswali ambayo sijasikia daktari akiuliza tangu siku ile: unaamka saa ngapi usingizi unapokatika, macho yanakauka, unavuta pumzi ndefu bila sababu, unahisi kitu kimekwama kooni kisichomezeka wala kutemeka? Mama alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila alipojibu uso wake ulifunguka kidogo, kama mtu anayesomewa barua ya kwao.

Halafu Mama Shen akauliza: "Nani anakukasirisha?"

Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake, lakini swali lilikuwa wazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, nimeshika koti la mama. Mama alifungua mdomo. Baba, aliyekuwa ameketi pembeni amekunja nne, akasema, "Hakuna. Ni uchovu wa kazi tu." Mama akafunga mdomo.

Nataka hilo likae kama lilivyotokea, kwa sababu watu wengi husema hawakuulizwa. Mama aliulizwa. Baba ndiye aliyejibu. Na Mama Shen, ambaye alikuwa amesikia mshipa na kusoma ulimi, alitikisa kichwa na kuendelea. Nina hasira naye pia kwa hilo. Angeweza kusema, bwana, sikukuuliza wewe.

Badala yake alieleza ini. Kwao, alisema, ini si kile kipande cha nyama peke yake. Ini ni kazi. Ndilo linalosimamia mwendo wa kila kitu mwilini, damu na ile nguvu aliyoiita chi, vitembee bila kukwama. Kila kiungo kina hisia yake: figo zina woga, mapafu yana huzuni, ini lina hasira. Hasira ikikaa ndani, ini linakwama. Likikwama muda mrefu linapata joto, na joto hupanda, ndiyo maana kichwa kinauma nyuma ya jicho na usingizi hauji. Mimi nilielewa hivi: ndani ya mama kuna treni imesimama kituoni, na kituo kinaungua.

Alimlaza kifudifudi, akawasha kipande cha pamba, akakipitisha ndani ya vikombe vya kioo na kuvibandika mgongoni mwake kimoja kimoja. Nyama ikavutwa ikainuka ndani ya vikombe kama maandazi. Mama hakulia. Alisema kwa Kiswahili, akicheka ndani ya mto, "Neema, hii ni chuku! Ni ileile!" Mwishoni Mama Shen alimpa mfuko wa maua makavu ya manjano ya kutengenezea chai, akamwambia asinywe maji ya barafu, afunike shingo kwa sababu upepo huingilia hapo, alale na soksi. Kisha akasema neno la mwisho. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata, tukiligeuza lilivyo, alisema: usishike hasira.

Kwenye gari baba alilitafsiri upya, ingawa mama alikuwa amelisikia mwenyewe. "Umesikia daktari? Usishikwe na hasira."

Herufi moja. Nimeifikiria herufi hiyo kwa miaka mingi. Kwa Kiswahili chetu hasira ndiyo inayomshika mtu, kama homa, kama polisi. Hatuna mazoea ya kusema mtu ameishika hasira. Kwa hiyo sentensi ile, ikipita kwenye sikio la Mswahili, inaegemea upande wa baba yenyewe. Labda alikosea kama ambavyo yeyote kati yetu angekosea. Lakini baba alikuwa amesoma nchi hii, aliandika ripoti kwa Kiingereza kila wiki, na ninachojua ni kwamba kosa lile lilimfaa, na hakulirekebisha.

Jioni moja ya wiki ile alikuja Mama Brian, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkenya aliyekuwa muuguzi hospitali ya mjini. Mama alimvuta chumbani, mlango ukabaki wazi, akapandisha blauzi kumwonyesha miduara ya zambarau mgongoni.

"Uuwi! Nani amekufanyia hivi?"

"Nimepigwa chuku."

"Umepigiwa chuku na nani? Na hiyo inaacha alama?"

"Si chuku ya maneno, Mama Brian. Chuku yenyewe, ya kuumika. Bibi yangu Lushoto alitumia pembe ya ng'ombe."

Mama Brian alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mimi nimejua chuku ya mdomo maisha yangu yote. Kumbe kuna ya mgongo! Na imekusaidia?"

"Nimelala jana. Nimelala kama mtoto."

Baba alikuwa sebuleni na kompyuta mapajani. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, "Shemeji, usimsikilize huyo. Amekwenda kupigwa chuku, amerudi kutupigia chuku."

Wote walicheka. Mama pia alicheka. Ulikuwa mzaha mzuri, na ndiyo maana ulidumu. Kuanzia siku ile, mama akisema mgongo unauma, baba aliinua nyusi na kusema, "Chuku hiyo," na hakuna aliyeweza kujua anazungumzia vikombe au uongo. Mama hakuweza kumjibu bila kuonekana hajui utani.

Hapa ndipo hasira yangu inapochemka hata leo. Baba aliicheka tiba ile nzima. Alicheka maji ya moto: "Sasa nyumba hii tunakunywa kama wagonjwa wa wodini." Alicheka skafu aliyojifunga mama ndani ya nyumba, alicheka soksi, alicheka ulimi. Mtu wa vipimo hakuamini kwamba figo zina woga au mapafu yana huzuni. Lakini kwamba ini la mkewe halitakiwi kuona hasira, hilo aliliamini kwa moyo wake wote. Aliokota sentensi moja kutoka kwenye elimu ya watu wengine, akaitupa iliyobaki.

Na akanipa kazi. Alinipakata akaniambia, "Wewe ndiye msaidizi wa daktari. Ukiona Mama anaanza kukasirika, unamwambia: Mama, ini. Sawa? Hutaki ini la Mama liungue." Sikutaka. Nilikuwa nimeliona ini. Mama alilinunua Jumamosi likiwa kwenye kisahani cha plastiki, jekundu, linateleza, akalikaanga kwa vitunguu, na ndani ya dakika chache lilikuwa limejikunja na kuwa jeusi pembeni. Niliacha kula maini. Nilimtazama mama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Alipobishana kwa simu na msimamizi wake kuhusu shifti, nilimvuta mkono: Mama, ini. Alipomkuta baba ameacha vyombo kwenye sinki tangu asubuhi, nilikimbia mbele yake: Mama, ini. Alipofungua mdomo tu. Na mama alinitazama, akaona ninavyotetemeka, akameza alichotaka kusema. Angeweza kumshinda baba. Angemshindaje mtoto anayelia kwa kuogopa mama yake asife? Baba alilijua hilo. Siombi radhi kwa kazi ile. Mtoto wa darasa la tatu haombi radhi kwa kazi aliyopewa na mtu mzima.

Wakati huo baba alitaka nyumba kule Blaine, kitongoji cha nje ya mji. Jumapili baada ya ibada alituchukua kwenda kuangalia nyumba mpya, zile zenye gereji mbele na nyasi zilizokunjuliwa kama zulia. Mwanamke anayeuza alituonyesha jiko lenye kaunta katikati. Mama alipitisha kiganja juu ya jiwe la kaunta, akauliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Jiko hili nitapika saa ngapi? Si umesema ili tuipate niongeze shifti za wikiendi?"

"Ini, Mama Neema," alisema baba, akitabasamu.

Mwanamke yule akauliza amesema nini. Baba akamweleza kwa Kiingereza kwamba ni utani wa kifamilia. Wakacheka pamoja. Nilimwona mama anavuta pumzi ndefu, ileile ambayo Mama Shen aliiulizia, na kuiachia polepole kuelekea dirishani.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo mama alikuwa hajalisema bado. Mwishoni mwa majira ya baridi alitandika meza, akasubiri baba amalize kula, akasema amepata nafasi kwenye mafunzo ya uuguzi, chuo cha jumuiya, masomo ya jioni. Alikuwa ameomba bila kumwambia mtu. Ilibidi athibitishe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi ingepewa mwingine.

Baba alifuta mdomo. "Na afya yako?"

"Afya yangu?"

"Si daktari wako mwenyewe alisema upumzike? Usilale umechelewa, usiwe na mawazo, usishikwe na hasira. Sasa unataka mitihani?"

"Lakini shifti za wikiendi unataka niongeze."

"Shifti hazitumii kichwa."

Mama akainuka. Uso wake ulibadilika rangi, na mimi nikaanza kulia kabla hajasema neno. "Mama, ini! Mama, ini!" Baba akaninyooshea kiganja, kama anayemwonyesha hakimu ushahidi. "Unaona unavyomtesa mtoto?" Mama akakaa. Nilifurahi. Nilidhani nimemwokoa. Hebu fikirini: mwanamke anatajiwa ndoto yake kama ugonjwa, na binti yake anapiga makofi moyoni. Ini la mama liliruhusiwa kugeuza wazee kitandani Jumamosi na Jumapili. Halikuruhusiwa kusoma.

Kesho yake baada ya shule mama hakunipeleka nyumbani. Aliingia barabara kuu mwenyewe, barafu ikiwa bado imeganda pembeni, mikono yote miwili kwenye usukani, midomo inasali. Magari yalimpigia honi. Alitoka kwenye barabara mahali pasipostahili, akazunguka, akaipata Saint Paul. Kichwa kilikuwa kinamuuma kiasi kwamba alifumba jicho moja kwenye kila taa nyekundu.

Mama Shen alitazama ulimi, akabonyeza mshipa, akakunja uso. "Imezidi," alisema. "Unakunywa chai?"

"Nakunywa."

"Unalala?"

"Hapana."

"Nani anakukasirisha?"

Safari hii hakukuwa na mtu wa kujibu. Mama alitazama sakafu. Nami nilikuwa kazini, kwa hiyo nikajibu mimi. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chao wote wawili. Nilisema, "Mama haruhusiwi kukasirika."

Mama Shen alivaa miwani yake akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nani amesema?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema ini litaungua."

Aliweka chini kikombe alichokuwa anafuta, kwa nguvu, hadi vingine vikagongana. Alikasirika. Sikuwahi kumwona mtu mzima anakasirika waziwazi bila kuomba radhi, na nilirudi nyuma hadi mgongo wangu ukagusa droo. Alimgeukia mama. "Nilisema usishike. Usishike!" Akakunja ngumi akaibana kifuani kwake ili tuone kushika ni nini, kisha akaifungua na kurusha mkono hewani. "Hasira inakuja, inatoka, ni afya. Ini ni mti. Mti unataka kwenda juu. Wewe umeufunika kwa ndoo." Akamnyooshea mama kidole. "Wagonjwa wangu wabaya kuliko wote ni wanaotabasamu. Kama wewe. Tangu uje unatabasamu tu."

Mama alikuwa anatabasamu hata wakati ule. Nilimwona akiligundua tabasamu usoni mwake, na kulitoa, kama mtu anayetoa kitu kilichomnasa kwenye jino.

Hakubandikwa vikombe siku ile. Alilipia chai, akavaa koti, tukaondoka. Sijui kama ini ni mti. Nimeuliza madaktari wa hospitali tangu wakati ule, na wamenijibu kwa adabu kwamba ini linachuja sumu. Vipimo vya ini la mama havijawahi kuonyesha tatizo lolote. Mimi siandiki kutetea tiba ya Kichina wala kuipinga. Ninachosema ni kwamba katika mji mzima ule, mtu mmoja alisema mama yangu ana hasira na kwamba hasira ile ina haki ya kutoka, na ilibidi tuvuke mto na barafu hadi Saint Paul kumsikia, na hata yeye alichelewa.

Kwenye maegesho ya nyumba yetu mama alizima gari, akafunga vioo vizuri, akaniambia, "Neema, ziba masikio." Halafu akapiga kelele. Haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya chini kwanza, kisha ikapanda, na vioo vikaingia ukungu. Niliziba masikio na kufumba macho na kusubiri afe. Nilipofumbua alikuwa anajitazama kwenye kioo cha gari, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi, mashavu yamewaka. Hakufa. Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga chuoni, akasema jina lake herufi kwa herufi na kuthibitisha nafasi yake. Sauti yake ilikwaruza. Akasema asante.

Aliingia ndani na viatu vyake vyenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, akavuka kapeti hadi alipokuwa baba.

"Nimethibitisha. Masomo yanaanza Jumatatu."

"Mama Neema, tulishazungumza. Ini la..."

"Ini langu usilitaje tena!" Sauti ile ilitoka nje ya mlango, nina hakika, ikafika kwa Mama Brian. "Umelitaja vya kutosha. Umelitaja kwa wageni, umelitaja kwa wauza nyumba, umemfundisha mtoto anililie kama maiti. Nimekasirika, Baba Neema. Nimekasirika tangu tulipofika nchi hii. Si ugonjwa. Ni wewe."

Baba akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri. Nilijua neno langu, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama mama, nikaitafuta kwenye uso wake ile rangi nyeusi ya ini kwenye kikaango, na sikuiona. Nilimwona mtu mzima mwenye afya anayempigia kelele mtu mwingine mzima. Nikanyamaza.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya. Utaona." Na kwa miaka ile yote ya masomo hakumpeleka hata siku moja, hakumchukua, hakuosha sahani, hakumwuliza mtihani umekwendaje. Alimsomesha kwa namna hiyo. Siku ya mahafali alivaa suti, akasimama kando yake kwenye kila picha.

Jumatatu ile ya kwanza mama alipika mapema, akafunika sufuria, akajifunga skafu shingoni, akabeba begi jipya mgongoni kama mwanafunzi wa sekondari. Alinibusu utosini. Nilimtazama dirishani akiendesha taratibu kutoka kwenye maegesho hadi taa za nyuma zikapotelea kwenye kona. Nyumba ikabaki na mimi na baba.

Baba alikaa mezani. Hakugusa sufuria, iliyokuwa mbele yake kabisa, umbali wa mkono. Aliweka viwiko juu ya meza na kusubiri, kama alivyokuwa anasubiri kila jioni, na baada ya muda akaita bila kugeuka.

"Neema. Njoo uniwekee chakula."

Nilikuwa sakafuni na kazi yangu ya shule. Kwa kawaida nilimjibu kwa Kiingereza, na yeye alichukia, alisema nyumbani kwake ni Kiswahili. Kwa hiyo nililitafuta neno la Kiswahili, nikalipanga vizuri mdomoni.

"Jiwekee."

Akageuka na kiti chake. Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa ukali, zaidi kama mtu aliyesikia kompyuta yake ikilia sauti asiyoifahamu.

"Na wewe? Ini limeanza?"

"Limeanza," nikasema, nikarudi kwenye hesabu zangu. Ilipita muda, nikaanza kufikiri labda atalala na njaa ili tu ashinde. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, kabati likifunguliwa, likifungwa, jingine likifunguliwa. Alikuwa hajui sahani zinakaa wapi.